Paladiamu ndani ya unga wa njano: uchambuzi wa kisa cha polima inayochochea kwa mwanga

Kisa hiki kinahusu kikundi cha wanakemia waliotengeneza kichocheo kinachofanya kazi kwa mwanga na kupata matokeo mazuri sana. Walipotengeneza kichocheo hichohicho kwa mara ya pili, matokeo yakatoweka. Majina, mahali, mwaka na muundo kamili wa molekuli vimeondolewa, na tarakimu za maabara yao zimekadiriwa. Nimekiandika kwa ajili ya mtafiti anayeingia katika fani hii, kwa sababu kosa lililomo lilifanywa na watu makini ambao tayari walikuwa wamefanya majaribio yote ambayo wengi wetu tungeyadai.

Usuli

Polima konjugeti ni minyororo au nyavu ndefu za kaboni ambamo bondi moja na bondi mbili, au tatu, hupishana. Mpishano huo huziwezesha elektroni kuenea badala ya kubaki zimefungwa kati ya atomu mbili, na kwa hiyo polima hizi hunyonya mwanga unaoonekana kwa macho. Nyingi zina rangi kali: njano, chungwa, nyekundu. Alan Heeger, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000 kwa kuonyesha kwamba polima za aina hii hupitisha umeme. Zimekuwa vichocheo vya mwanga kwa muda mrefu pia. Mwaka 1985 Shozo Yanagida na wenzake waliripoti kwamba poli(p-fenilini) ikimulikwa huzalisha haidrojeni kutoka kwenye maji, mradi kuwe na amini (msombo wenye naitrojeni) ya kuipa elektroni.

Fotoni inapoipiga polima, huinua elektroni na kuacha tundu mahali ilipokuwa. Elektroni na tundu husafiri zikiwa jozi iliyoshikamana, iitwayo eksitoni, na safari hiyo ni fupi mno: kwa kawaida nanomita 10 hivi, kisha hurudiana na nishati yake kupotea kama joto au mng'ao. Jozi ikiwahi kufika kwenye uso wa chembe, au mahali popote panapoweza kuitenganisha, elektroni huenda kwa molekuli moja na tundu hujazwa na elektroni ya molekuli nyingine. Maneno «mahali popote panapoweza kuitenganisha» ndiyo kiini cha kisa chote.

Mvuto wa polima hizi katika usanisi wa misombo ya kaboni unaeleweka. Mwaka 2008 David MacMillan na Tehshik Yoon, kila mmoja na kikundi chake, walitumia kampleksi za rutheniamu kuendesha mimenyuko kwa mwanga, na tangu hapo rutheniamu na iridiamu zikawa vifaa vya kila siku. Ni metali adimu, ni ghali, na kwa kuwa huyeyuka pamoja na zao, kuzitoa baadaye ni kazi. Unga wa polima usioyeyuka huchujwa, huoshwa na kurudishwa kazini.

Kikundi chetu kilitaka kung'oa atomu ya bromini kwenye pete ya benzini na kuweka haidrojeni mahali pake, kwa mwanga wa bluu na bila metali. Mshirika wao alitengeneza viambato vya dawa, na kwake maneno «bila metali» yalikuwa na uzito wa kisheria. Mwongozo wa kimataifa wa ICH Q3D, unaohusu mabaki ya metali kwenye dawa, unaruhusu mikrogramu 100 tu za paladiamu kwa siku kutoka kwenye dawa ya kumeza. Njia iliyozoeleka ya kung'oa bromini, yaani paladiamu juu ya mkaa pamoja na haidrojeni, ndiyo hasa mshirika alitaka kuachana nayo.

Kilichotokea

Polima waliyoichagua ilikuwa wavu wenye vitundu vidogo. Benzini yenye matawi matatu ya asetilini iliunganishwa na benzothiadiazoli kwa mmenyuko wa Sonogashira, ambao huunganisha vipande vya kaboni na huendeshwa na paladiamu na shaba. Kwa hiyo kichocheo kilichokusudiwa kuwa huru na metali kilizaliwa ndani ya metali. Wote walilijua hilo, na waliuosha unga kwa maji, methanoli na tetrahaidrofurani, kisha wakauacha usiku kucha kwenye kifaa cha Soxhlet, ambacho huosha unga kwa kiyeyushi kinachochemka na kujirudia. Ulitoka wa njano iliyoiva, mwepesi, usioyeyuka katika kiyeyushi chochote walichonacho.

Jaribio la kwanza lilikuwa kwenye 4-bromoasetofenoni, ndani ya asetonaitrili, chini ya naitrojeni, na amini iitwayo daiisopropilethilamini kama mtoaji wa elektroni. Taa za LED za nanomita 460 ziliwashwa jioni. Asubuhi kromatografia ya gesi ilionyesha asetofenoni, yaani molekuli ileile bila bromini, kwa zaidi ya asilimia 90. Unga ulichujwa na kutumiwa tena mara kadhaa bila kupungua nguvu kwa kiasi cha kutia wasiwasi.

Majaribio linganishi yalifuata, na yalifanywa vizuri. Bila mwanga, hakuna kilichotokea. Bila polima, hakuna. Bila amini, hakuna. Walichuja unga katikati ya mmenyuko na kuendelea kumulika kimiminika kilichobaki, mmenyuko ukasimama palepale, ishara kwamba hakuna kitu chenye nguvu kilichokuwa kimevuja na kuyeyuka. Taa ilipozimwa na kuwashwa kwa zamu, mmenyuko ulisimama na kuendelea kwa zamu hizohizo. Rasimu ya makala ikaanza kuandikwa, ikiwa na maneno «bila metali» kwenye kichwa chake.

Mtafiti kijana ndiye aliyeleta hoja iliyowasumbua kidogo. Ili 4-bromoasetofenoni ipokee elektroni, panahitajika karibu volti −1.8 dhidi ya elektrodi ya kalomeli, ambayo hutumika kulinganishia volti. Elektroni iliyoinuliwa ndani ya polima yao, kwa vipimo vyao wenyewe, ilikuwa karibu −1.2. Pengo ni volti 0.6. Katika joto la chumba kila milivolti 59 hubadilisha usawa mara kumi, kwa hiyo pengo hilo ni kama tarakimu kumi za sifuri upande usiofaa. Bromini ikiondoka mara moja na isirudi, huuvuta mmenyuko mbele kwa kiasi fulani, lakini si rahisi kuziba shimo la ukubwa huo kwa usiku mmoja na kupata asilimia 90.

Hoja ikajibiwa kwenye karatasi, na kazi ikaendelea. Kisha bechi ya kwanza ikakaribia kwisha.

Bechi ya pili ilitengenezwa na fundi mwingine wa maabara. Rangi ilikuwa ileile, spektra ya infraredi ileile, eneo la uso ndani ya vitundu karibu lilelile. Ilipowekwa kwenye chupa na kumulikwa usiku kucha, asubuhi bromini ilikuwa bado imekaa kwenye pete, na asetofenoni ilikuwa alama ndogo tu pembeni ya grafu.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa umeshafanyika kabla bechi ya pili haijakuwepo, nao ni jinsi walivyoijibu hoja ya volti. Mkuu wa maabara alipendekeza kwamba polima inakusanya fotoni mbili mfululizo. Wazo hilo lina msingi: mwaka 2014 Burkhard König na wenzake walionyesha kwamba rangi ya perilini inaweza kupokea elektroni kwa fotoni ya kwanza, kisha ikanyonya fotoni ya pili na kupata nguvu ya kuvunja bondi kati ya kaboni na halojeni. Njia mbadala pia ilitajwa. Radikali (molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake) inayotokana na amini inaweza kunyakua halojeni moja kwa moja bila kuhitaji volti hizo, kama kikundi cha Daniele Leonori kilivyoonyesha mwaka 2020. Kwa kuwa maelezo mawili yenye heshima yalikuwepo, hakuna aliyeona haja ya kuchagua kati yake kwa jaribio.

Uamuzi wa pili, baada ya bechi ya pili kufa, ulikuwa kukagua kila kitu isipokuwa polima. Taa zilipimwa upya. Amini ilinunuliwa mpya, kwani amini kuukuu huoza kwa oksijeni. Naitrojeni ilisafishwa na vizibo vikabadilishwa. Hatua hizi zote zina akili ndani yake, na kwenye mimenyuko ya mwanga uvujaji wa oksijeni kweli huua kazi mara nyingi. Ila sababu ya kuanzia huko ilikuwa imani kwamba polima mbili zenye infraredi moja ni kitu kimoja. Infraredi huona bondi zilizo nyingi. Sehemu chache kwa elfu za metali iliyonaswa kwenye vitundu haiigusi kabisa.

Uamuzi wa tatu ndio uliokiokoa kisa. Mtafiti kijana aliomba daftari mbili za bechi ziwekwe wazi mezani na kusomwa mstari kwa mstari na wote. Usanisi ulilingana. Uoshaji haukulingana. Fundi wa bechi ya pili alikuwa ametoka kwenye kazi ya seli za jua za polima, ambako ni desturi kukoroga polima na sodiamu daiethildaithiokabamati, kemikali inayoishika paladiamu kwa nguvu na kuivuta nje. Aliongeza hatua hiyo kwa nia njema, na akaiandika.

Kuanzia hapo swali likawa moja: nani anafanya kazi, polima au paladiamu? Walipima metali kwa kuuchoma unga kwenye asidi moto na kuusoma kwa spektrometria ya masi ya plazima. Bechi ya kwanza ilikuwa na paladiamu karibu asilimia 0.4 kwa uzito, yaani sehemu 4,000 hivi kwa milioni. Kwa wavu wa aina hii uliotengenezwa kwa Sonogashira, kiasi hicho si cha kushangaza. Bechi ya pili ilikuwa na sehemu chache tu katika kila mia za kiasi hicho.

Kipimo peke yake hakitoshi, na nakipongeza kikundi kwa kutosimama hapo. Kemikali ya kuoshea ina salfa, na salfa huweza kuitia sumu paladiamu iliyobaki. Huenda pia ilibaki kwenye vitundu na kuzima mwanga wa polima yenyewe. Bechi ya pili ingeweza kufa kwa sababu isiyohusu kiasi cha metali. Basi walipanga majaribio ya kuitenganisha kila njia.

Kwanza, je, polima iliyooshwa bado iko hai? Waliipa kazi ambayo polima inaiweza yenyewe: kugeuza thioanisoli kuwa salfoksidi, yaani kuiongezea oksijeni kwenye salfa yake, kwa hewa na mwanga. Bechi zote mbili zilifanya kazi hiyo kwa kasi inayokaribiana. Polima ilikuwa nzima.

Pili, walichukua polima iliyooshwa na kuiongezea kiasi kidogo cha paladiamu asetati. Uwezo wa kung'oa bromini ulirudi, karibu wote. Tatu, waliweka paladiamu juu ya silika bila polima, pamoja na amini na mwanga uleule wa bluu. Karibu hakuna kilichotokea. Nne, walitengeneza polima nyingine isiyokutana na paladiamu popote katika maisha yake: wavu wa triazini, unaoundwa kwa kuunganisha naitrili tatutatu ndani ya asidi kali ya trifloromethanisalfoniki. Hiyo ilinyonya mwanga, ikafanya salfoksidi, na haikuigusa 4-bromoasetofenoni.

Mtu mmoja alipendekeza tone la zebaki, jaribio la zamani la kuzima metali. Walilikataa, nami naunga mkono. Zebaki haifiki kwenye metali iliyozikwa ndani ya wavu, kwa hiyo mmenyuko ukiendelea hujajifunza chochote, na umebaki na zebaki ya kutupa.

Uamuzi wa mwisho ulihusu makala na mshirika. Kulikuwa na shinikizo la kubadilisha neno moja tu, kutoka «bila metali» kuwa «bila metali iliyoongezwa», maneno ambayo kwa herufi ni kweli. Mkuu wa maabara alikataa. Sababu yake ilikuwa kwamba mshirika angeyasoma maneno hayo kama ahadi ya kitu ambacho hakipo, na kifaa cha kupimia metali kingeyakanusha siku ya kwanza ya uzalishaji.

Matokeo

Makala ya kwanza ilifutwa kabla ya kutumwa. Badala yake waliandika kuhusu ushirikiano wa polima na paladiamu, huku kiasi cha metali cha kila bechi kikiwa kwenye jedwali la kwanza. Njia ya kung'oa bromini kwenye pete iliondolewa kwenye mpango wa mshirika. Wavu wa triazini ulibaki kwa kazi mbili: salfoksidi, na kuondoa bromini iliyo jirani na kabonili (kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa bondi mbili), kama kwenye fenasili bromidi, ambayo huhitaji karibu volti −0.5 tu. Zote mbili zilifanya kazi bila metali kugunduliwa kwenye zao.

Kwenye chupa kubwa kasi ya salfoksidi ilishuka sana. Hilo halikumshangaza yeyote: unga ulioning'inia kwenye kimiminika hutawanya mwanga, na milimita chache tu kutoka ukutani ndizo zinazomulikwa vizuri. Walihamia kwenye mirija myembamba.

Uchambuzi

Ukiyaangalia tena majaribio linganishi ya mwanzo, utaona kwamba kila moja liliuliza kama unga unahitajika. Hakuna lililouliza ni kitu gani ndani ya unga kinachofanya kazi. Unapoondoa polima, unaondoa na paladiamu yake. Unapochuja, unachuja vyote viwili. Unapozima taa, mmenyuko unasimama, na hapa ndipo wengi hujiaminisha, wakidhani metali ingefanya kazi gizani. Kisa hiki kinaonyesha kwamba sivyo. Paladiamu kwenye silika haikufanya kitu hata ikiwa kwenye mwanga, na polima safi haikufanya kitu pia. Polima ilikuwa antena: ilinasa fotoni na kuzipeleka elektroni kwenye chembe za paladiamu, na metali ndiyo iliyovunja bondi, kwa njia yake ya kujipenyeza kati ya kaboni na bromini, ambayo haihitaji volti −1.8 hata kidogo. Mfumo wa namna hiyo hufaulu jaribio la taa kwa alama zote.

Fani ilikuwa imeshaonywa. Mwaka 2018 Jan Kosco, Iain McCulloch na wenzao walichunguza polima konjugeti iitwayo F8BT katika uzalishaji wa haidrojeni na kukuta kwamba paladiamu iliyosalia kutoka kwenye usanisi ilikuwa na athari kubwa hata ikiwa chini ya sehemu 40 kwa milioni. Nje ya kemia ya mwanga kuna kisa cha Nicholas Leadbeater. Kikundi chake kiliripoti mmenyuko wa Suzuki, ambao huunganisha pete za kaboni na kwa kawaida huendeshwa na paladiamu, kuwa hauhitaji metali, mwaka 2003, kisha mwaka 2005 kikaeleza chenyewe kwamba paladiamu ya kiwango cha sehemu 50 kwa bilioni ndani ya sodiamu kaboneti ya dukani ilitosha kuuendesha. Naiheshimu sana makala hiyo ya pili. Ukilinganisha na viwango hivyo, sehemu 4,000 kwa milioni ni bahari.

Jambo ninaloliona zito zaidi ni hoja ya volti. Hesabu ilisema hapana, chupa ikasema ndiyo, na kikundi kikatafuta nadharia ya kuipatanisha chupa na hesabu badala ya kushuku kwamba chupa ina kitu cha ziada. Fotoni mbili ni dai linaloweza kupimwa kwa mchana mmoja. Kama fotoni mbili zinahitajika, basi kwenye mwanga hafifu kasi inapaswa kupanda karibu mara nne mwanga unapoongezwa maradufu. Data hiyo walikuwa nayo tayari, kwa kuwa walipima kasi kwa viwango tofauti vya taa walipokuwa wakitafuta hali bora. Kasi ilipanda sawia na mwanga, maradufu kwa maradufu. Ilikaa kwenye faili la uboreshaji, na hakuna aliyeisoma kama ushahidi. Maelezo ya radikali ya amini nayo yalianguka bila jaribio jipya, kwani amini ileile ilikuwepo kwenye bechi iliyokufa.

Kilichofanya kazi ni vitu viwili ambavyo havionekani kwenye makala. Daftari la fundi lilitaja hatua ambayo haikuwa kwenye utaratibu rasmi. Kama asingeiandika, bechi ya pili ingetupwa kama iliyoharibika na ya tatu ingeoshwa kwa namna ya zamani. Na gramu chache za bechi ya kwanza zilikuwa zimehifadhiwa, hivyo kila ulinganisho uliwezekana. Mimi ningeongeza la tatu: chaguo la salfoksidi kama kipimo cha afya ya polima. Unapokuwa na unga uliokufa, tafuta mmenyuko ambao polima inauweza bila msaada, ili ujue umekosa nini. Kwa salfoksidi yenyewe, ukitaka kuthibitisha kwamba oksijeni singleti, yaani oksijeni iliyopandishwa nishati na mwanga, ndiyo inayofanya kazi, pendelea kubadilisha maji na maji mazito (yenye deuteriamu badala ya haidrojeni ya kawaida) kuliko kuongeza sodiamu azidi. Oksijeni singleti huishi mikrosekunde 4 hivi kwenye maji ya kawaida na karibu 70 kwenye maji mazito, kwa hiyo kasi hupanda. Azidi huweza kujaza tundu la polima na kuzima mmenyuko kwa sababu nyingine kabisa, ukabaki na jibu lenye maana mbili.

Kuna pengo moja walilolifunga mwishoni tu. Sonogashira hutumia shaba pia, na vipimo vya kwanza viliisahau. Shaba ilipopimwa ilikutwa kwenye bechi zote mbili, ikiwa nyingi zaidi kwenye ile ambayo haikuoshwa kwa kabamati, kwa sababu kemikali hiyo huishika shaba vilevile. Kwa hiyo ulinganisho wa bechi mbili peke yake usingeweza kuitofautisha shaba na paladiamu. Kilichoitofautisha ni jaribio la kurudisha: paladiamu asetati iliongezwa bila shaba, na kazi ikarudi. Wavu wa triazini ulipoongezewa paladiamu hiyohiyo nao ulianza kung'oa bromini, polepole kuliko ule wa njano, na ndani yake hakukuwa na shaba ya kulaumu.